Mhamiaji aliyechimba mitaro, na feni la darasani Vuga

Haya wadau, leo tumuweke Edison pembeni kidogo. Kila ukitajwa umeme anasifiwa yeye, wakati lile feni tunalogombania kukaa chini yake linatokana na kazi ya kijana wa Kiserbia aliyewahi kuajiriwa kwenye kampuni yake.

Nikola Tesla alizaliwa mwaka 1856 Smiljan, ambayo leo ipo Croatia. 1884 akashuka New York, akafanya kazi kwa Edison miezi michache tu akaacha. Hapo ndo mkasa ulipoanza. Akaingia kampuni na wafanyabiashara wawili, akawatengenezea taa za barabarani, na hataza zikaandikwa jina la kampuni. Jamaa walipopata walichokitaka wakamtosa. Hana senti, wala haki ya kazi ya kichwa chake mwenyewe! Mhandisi mzima akawa anachimba mitaro kwa dola 2 kwa siku. Ndugu zetu walio ughaibuni wanaoosha vyombo na digrii zao mkobani wanaijua vizuri hii.

Sasa, umeme wa Edison ulikwenda upande mmoja tu na haukufika mbali, kama maili moja hivi kutoka kwenye mtambo. Umeme unaogeuka-geuka mwelekeo ungeweza kupandishwa volti kwa transfoma (hiyo hakuivumbua yeye, tusimzidishie) ukasafiri mbali, ila ulikosa mota ya maana. Tesla akaileta: mikondo inapishana kidogo, nguvu ya sumaku inazunguka, na mota inaifuata bila brashi za kusuguana. Hataza akazipata Mei 1888, safari hii kwa masharti mazuri zaidi, na George Westinghouse akanunua haki ya kuzitumia mwaka ule ule. 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo.

Na sisi je? Unguja haina maporomoko. Umeme wetu unavuka bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba: waya wa kwanza ulilazwa 1980, mwingine wa megawati 100 ukaja 2013, volti 132,000, kwa njia ile ile ya umeme unaogeuka. Njia ya wa kwanza ilipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani kama miezi mitatu. Taa watu walizizoea kuzikosa, wallahi. Kilichowatesa ni maji, maana pampu nazo ni mota.