Kabla hujapanda ndege ndogo ya jamaa yako: mambo ya kujua kuhusu anga la Nakuru na Bonde la Ufa

Siku hizi si ajabu kusikia kijana wetu wa Mombasa au Malindi amesomea urubani. Wengine wana leseni ya rubani binafsi, na mwisho wa wiki hukodi ndege ya viti vinne pale Wilson, Nairobi, wakaenda kutembea. Kijana akishapata leseni, wa kwanza kualikwa ni jamaa zake.

Mimi nilialikwa na mtoto wa kaka yangu, Jumamosi moja ya Novemba, kwenda kuyaona maziwa ya Bonde la Ufa. Nilirudi na mambo ambayo laiti ningeyajua kabla ya kufunga mkanda. Nayapanga hapa yakufae, uwe umealikwa kama mimi au u mzazi unayeombwa karo ya urubani.

Leseni hii inaruhusu nini

Neno rubani tumelitumia baharini kabla ya ndege kuvumbuliwa. Ni yule ajuaye miamba na mkondo, anayeingiza chombo bandarini. Mpaka leo meli kubwa haiingii Kilindini bila rubani. Wa angani kazi yake ni hiyo hiyo: kujua pa kupita, na kujua wakati wa kutopita.

Kwa kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ambazo nchi wanachama kama Kenya huzifuata, mwombaji wa leseni binafsi awe ametimiza miaka 17, apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa, apasi mitihani na awe ameruka saa zisizopungua 40 kwa kawaida. Sehemu ya saa hizo huruka peke yake. Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA.

Saa 40 si nyingi. Ni kama dereva aliyetoka tu kwenye mtihani. Kadhalika, leseni hii hairuhusu kubeba watu kwa malipo. Akitokea mtu akakwambia, "Nina leseni binafsi, nipe nauli nikupeleke Nakuru," kataa. Hiyo ni biashara, na biashara ina leseni yake.

Jambo jingine: bila mafunzo ya ziada, rubani huyu huruka kwa kuona kwa macho. Lazima aone ardhi na upeo wa macho. Wingu kwake ni ukuta. Kumbuka neno hili, tutalirudia.

Historia haikuanza jana

Bonde la Ufa lina historia ndefu ya ndege ndogo. Aero Club of East Africa ilianzishwa 1927. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na jina lake ndilo limebaki kwenye uwanja wa Wilson. Njoro, karibu na Nakuru, ndiko alikokulia Beryl Markham, ambaye Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, akaangukia Nova Scotia, Kanada, akiwa hai. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndege kubwa za kutua majini za kampuni ya BOAC zilitua Ziwa Naivasha zikiwa na abiria kutoka Uingereza.

Nasi Pwani tuna kumbukumbu yetu, ila ni ya msiba. Denys Finch Hatton, aliyekuwa maarufu kwa kuruka na ndege yake ndogo, alifia Voi Mei 1931 muda mfupi tu baada ya kuruka.

Njia yenyewe

Kutoka Wilson hadi Nakuru kwa anga ni kama kilomita 140. Ndege yetu ilikuwa Cessna 172, yenye injini moja na bawa juu ya vichwa vya abiria. Mwendo wake ni kama kilomita 200 kwa saa, hivyo safari haifiki saa nzima usipozunguka. Kwa barabara, msongamano wa malori ukikukuta, unaweza kumaliza saa nne.

Unavuka ukingo wa bonde karibu na Vilima vya Ngong, mara ardhi inaanguka chini yako. Mbele unaona Longonot, mlima wa mita 2,776 wenye shimo la duara kileleni. Kisha Naivasha na mashamba ya maua, mvuke wa Olkaria, Elementaita, halafu mji wa Nakuru umekaa kati ya ziwa lake na Menengai. Shimo la Menengai lina upana wa kama kilomita 12. Ukiwa chini hulioni lote. Ukiwa juu unaona mji mzima ungeweza kuingia mle.

Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Ila usiende ukitarajia zile picha za kale za ufuo wa waridi. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana katika miaka kumi na kitu iliyopita, chumvi ikapungua, na heroe wengi wakahamia kwingine, hasa Bogoria. Tuliona mistari ya miti iliyokufa imesimama ndani ya maji.

Hewa ya juu ni nyepesi

Hili ndilo somo kubwa kwa mtu wa Pwani. Uwanja wa Mombasa uko kama futi 200 tu juu ya bahari. Nakuru iko karibu futi 6,000. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Bawa linapata hewa kidogo ya kulibeba, rafadha inapata hewa kidogo ya kuisukuma, na injini inapata pumzi kidogo.

Marubani wana hesabu yake. Nakuru ikiwa na joto la nyuzi 26, ndege hufanya kazi kana kwamba iko futi 8,700. Mombasa ikiwa na nyuzi 30, ni kama futi 2,000 tu. Hivyo ndege ile ile hupanda Nakuru kwa karibu nusu ya kasi yake ya Pwani, na huhitaji njia ndefu zaidi ili iinuke.

Kwa hiyo akikuuliza uzani wako, usione haya wala usipunguze kilo. Na viti vinne havina maana ya watu wazima wanne, mizigo na tangi lililojaa. Mpwa wangu alinitoa begi la zawadi la kilo nane, nikanuna. Baadaye, Cessna ilipokuwa ikitambaa kuinuka kutoka Nakuru saa sita mchana, nililisamehe lile begi.

Ndege wenye manyoya

Mwari huzaliana Elementaita, na wengi huenda kula samaki Nakuru. Ni ndege mzito, kwa hiyo husubiri jua lipashe ardhi, kisha hupanda kwa duara juu ya hewa moto inayoinuka. Tumbusi nao hufanya hivyo hivyo. Wakati huo ndege ya viti vinne iko angani pamoja nao. Si mzaha: Januari 1959 Michael Grzimek, mtafiti wa wanyama wa Serengeti, alifariki baada ya ndege yake kugongana na tumbusi.

Hewa hiyo hiyo inayowapandisha mwari ndiyo inayoitikisa ndege mchana. Asubuhi ni bora. Lakini Nairobi nayo, hasa Juni hadi Agosti, huamka na mawingu yaliyolala chini, na rubani wa macho hukaa Wilson akinywa chai mpaka yainuke. Ndiyo maana ratiba ya ndege ndogo si ratiba ya treni.

Ukingo na wingu

Sasa nirudi kwenye safari yangu. Jumapili baada ya Alasiri nilitakiwa Mombasa kwenye nikahi ya binti ya dada yangu, mimi nikiwa shahidi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: tutue Wilson saa tisa, usiku nipande treni ya saa nne.

Tulitua Naivasha mchana kupumzika. Nikasali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya, kwenye kivuli cha bawa. Nilipotoa salamu nilimwona kijana amesimama anautazama ukingo wa mashariki, upande wa Kinangop na Limuru. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Wingu lilikuwa limekalia ukingo kama kifuniko cha sufuria. Alipiga simu Wilson, akapiga nyingine, akatazama kusini kuelekea Ngong. Kote kumefunga.

"Ami, mimi sivuki leo."

Nilimwambia maneno ambayo leo nayaonea haya. Nikamwambia Naivasha kuna jua kali, ni dakika ishirini tu, na kwamba shangazi yake hatamsamehe. Nikamuuliza kama kweli anaijua kazi yake. Alininyamazia mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Panda matatu, Ami. Utaiwahi treni. Mimi nalala na ndege."

Nikapanda matatu nimekunja uso. Tulipokuwa tukiupanda ukingo kuelekea Limuru, jua likazimika. Ukungu ulishuka barabarani, dereva akawasha taa, akapunguza mwendo mpaka mwendo wa punda. Sikuona lori la mbele yetu ila taa zake mbili nyekundu. Hapo nikafahamu kwamba nimo ndani ya lile wingu nililomtaka aingie, tena mimi nina barabara chini yangu.

Juni 2018 ndege ya abiria iliyotoka Kitale kwenda Nairobi, yenye marubani wawili wa kazi, iligonga safu ya Aberdare iliyo juu ya bonde hilo hilo. Wote 10 waliokuwemo walifariki, na mabaki yalipatikana siku ya tatu. Vilele vya safu hiyo vinafika mita 4,001.

Treni niliiwahi, na nikahi nikaishuhudia. Kijana aliruka Jumapili asubuhi, anga jeupe, akatua salama.

Maswali ya kuuliza

Ukialikwa, uliza haya bila kuona haya:

1. Leseni yako na cheti cha afya viko hai? Mara ya mwisho kuruka ilikuwa lini?
2. Umewahi kuruka huku juu, au umezoea Pwani tu?
3. Umepima uzani wetu na mafuta?
4. Umewasilisha mpango wa safari, na nani anajua tunarudi saa ngapi?
5. Njia ikifunga, tutatua wapi na tutarudi vipi?

Swali la sita ujiulize mwenyewe: je, nina jambo kesho litakalonifanya nimsukume? Ukiwa nalo, mwambie kabla ya kuondoka kwamba una nauli ya matatu mfukoni, na kwamba akisema hapana hutamuuliza mara ya pili. Mtoto wetu mwenye saa chache angani anaweza kulishinda wingu kwa kulikwepa. Mzee wake aliyekunja uso ni mgumu zaidi kumkwepa.

Wa mwanangu nimeshamwomba radhi. Ameniambia Januari, mvua zikiisha, twende Bogoria kuwaona heroe. Nitakwenda inshallah, na safari hii sitaweka miadi ya kesho yake.