Usiku Waliomuua Mwami

Bibi yangu hakuwa na tarehe. Ukimuuliza alitoka lini Rumonge, jibu lake lilikuwa moja: "Ule usiku waliomuua mwami." Sisi wajukuu tuliozaliwa Mishamo tulidhani ni namna yake ya kusema zamani sana. Mwami anatuhusu nini? Babu alikuwa na michikichi na mtumbwi, basi.

Kumbe bibi alikuwa anasema kitu kamili.

Burundi ya zamani ilikuwa na mwami, na chini yake baganwa, yaani wana na wajukuu wa wafalme waliogawiwa vilima na watu wa kuvitawala. Majina ya kifalme yalikuwa manne, yanazunguka: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Mwami mpya anawapa wanawe nchi, wajukuu wa mwami wa zamani wanasukumwa pembeni. Ndiyo maana Bezi na Batare hawakuiva chungu kimoja. Wajerumani walilitumia jambo hilo vizuri sana. Mwezi Gisabo alipigana nao mpaka Juni 1903, akakubali mkataba wa Kiganda. Mwaka 1912 wakahamishia makao yao Gitega, katikati ya nchi ya baganwa. (Mwaka 2015, nilipokimbia mara hii ya pili, iliyotutoa Kagunga kwenda Kigoma ilikuwa Liemba, meli ya Wajerumani hao hao, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913. Nilitapika njia nzima, sikuwaza historia.)

Huku ziwani Gitega ilikuwa mbali. Rumonge ni mawese, mukeke na Kiswahili. Watu walitazama Ujiji kabla ya kutazama milimani. Muganwa aliyetajwa kwetu kwa mapenzi ni mmoja, Rwagasore, mtoto wa Mwambutsa IV. Alishirikiana na wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura kwenye ushirika, akakaa nao, akala nao. Chama chake, UPRONA, kilishinda uchaguzi tarehe 18 Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba akapigwa risasi akiwa hotelini kando ya ziwa. Waliohukumiwa kwa njama hiyo walikuwamo wana wa chifu mkubwa wa Batare. Ugomvi ule ule wa chungu.

Mwaka 1966 mdogo wake, Ndizeye, alimpindua baba yao akawa Ntare V. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi. Novemba mwaka huo huo Micombero akamwondoa, ufalme ukaisha. Kijana akaishi ugenini, mkimbizi kama sisi ingawa wa hoteli nzuri. Machi 1972 alirudi kupitia Uganda, ameahidiwa usalama. Akafungiwa Gitega.

Tarehe 29 Aprili 1972, jioni, waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakawaua Watutsi, majirani zetu. Usiku huo huo, kule Gitega, Ntare V akauawa. Halafu jeshi likaja kwa Wahutu: walimu, wanafunzi, makarani, wakulima, zaidi ya watu laki moja katika miezi michache. Babu aliitwa kwenye mkutano. Bibi akavuka ziwa na watoto watatu.

Mwambutsa mwenyewe alifia Uswisi mwaka 1977, na wosia wake ulisema mwili usirudishwe Burundi. Mwaka 2012 serikali ilitaka arudi, akafukuliwa, jamaa zake wakagombana mahakamani miaka mingapi sijui, na mwaka 2017 akazikwa tena kule kule Meyrin, karibu na Geneva. Mwanawe hakuzikwa kama wafalme wanavyozikwa. Babu yangu vilevile.

Mwaka 2008 nilirudi Rumonge na baba mdogo kutafuta shamba. Tulimkuta mzee mpole analivuna. Alipewa na serikali miaka hiyo, ameoa hapo, amezika wake hapo. Akatutembeza. "Huu aliupanda baba yenu. Huu mimi." Baba mdogo alihesabu michikichi mara mbili, hakusema neno. Mzee akatujazia chupa ya mawese.

Tuliipeleka Mishamo kwa bibi. Aliifungua, akanusa, akaifunga. Shamba hakuliuliza. Aliuliza kama kaburi la mwami limeonekana.