Mstari mtupu: jambo ndogo linaloangusha tovuti

Watu wa Bunia wanaonunua mega za siku moja wanajua uchungu huu: unafungua tovuti ya shule ao ya shirika, mega zinaenda, kisha unapata tu kosa namba 500. Wengi wanalaumu rezo ao umeme. Kumbe mara zingine kosa liko kwenye alama moja ambayo macho hayaoni.

Waliopiga barua kwa mashini ya kuandika wataelewa haraka. Kumaliza mstari kulikuwa kazi mbili: kurudi mwanzo wa mstari, na kusogeza karatasi. Kompyuta zilirithi kazi zile kama alama mbili, namba 13 na namba 10. Windows inaandika zote mbili. Linux, inayoendesha seva nyingi, inaandika 10 peke yake.

Sasa, kuko programu ndogo, skripti, ambazo seva inaziamsha ili zitengeneze ukurasa. Njia hiyo, CGI, ilianza 1993 kule NCSA, kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Skripti inatoa kwanza mistari ya kichwa, mfano Content-Type: text/html, halafu mstari mtupu, halafu ukurasa wenyewe. Kanuni RFC 3875 ya 2004 inaomba seva za aina ya Linux zipokee 10 peke yake, na pia 13 na 10 pamoja. Kisha seva inaandika upya kichwa kwa alama zote mbili, kwani HTTP inataka hivyo. Apache inafanya hii bila kelele.

Kwa hiyo kichwa chenyewe hakisumbui sana, isipokuwa fundi akisahau mstari mtupu: hapo ni 500 moja kwa moja. Kinachosumbua zaidi ni skripti iliyoandikwa kwa Windows na kutumwa kwa Linux. Mstari wake wa kwanza unataja programu ya kuiendesha, tuseme perl. Alama 13 inabaki imeshikamana na jina, Linux inatafuta programu yenye jina hilo na mkia wake, inakosa. Skripti haikuanza hata. Dawa ni programu dos2unix, kazi ya sekunde.

Hatari kubwa iko kwenye fomu. Skripti ikichukua jina la mtu na kulitia kichwani bila kuchunguza, mwizi anaweza kuficha mwisho wa mstari ndani ya jina na kuongeza mistari yake, hata ya kupeleka wageni kwa tovuti ingine. Skripti inapaswa kukataa 13 na 10 katika kila kitu kinachotoka kwa watu, ju seva haiwezi kujua mstari gani ni wa mwenye tovuti na gani ni wa mwizi.