Kufua kikwembe kwa mkono

Kikwembe cha kwaya kilichovaliwa saa chache za ibada hakihitaji kusuguliwa kama nguo ya shamba. Kama hakina doa wala jasho, kianike penye hewa tu.

Kikihitaji kufuliwa, kwanza bonyeza pembe yake kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikihamia, kifue peke yake. Yeyusha sabuni kidogo katika beseni la maji baridi, kitumbukize, kisha ukiminye polepole. Usikiloweke usiku kucha. Kisuuze mpaka povu liishe, wala usikisokote. Kigeuze upande wa ndani uwe nje, ukianike kivulini, maana jua kali hupausha rangi.

Kwa mama mwenye kikwembe kimoja cha Jumapili, uangalifu huo ni akiba.