Mtoto Anakoroma: Historia Fupi ya Kinywa, Taya na Pumzi ya Usiku

SEHEMU YA 1: SWALI LA KLINIKI

 

Juzi kliniki mama mmoja kaniuliza: "Sista, huyu wangu ana miaka sita, anakoroma kama babu yake. Nimesikia kuna daktari wa meno anaweka kifaa cha kupanua kinywa, kukoroma kunaisha bila operesheni. Nimpeleke?"

Nikamwambia, "Mama, swali lako ni zuri na lina historia ndefu kuliko unavyodhani. Ngoja nitaliandika." Basi ndiyo hii. Soma pole pole, hata ukiwa unanyonyesha.

Kwanza tuelewane. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kama njia ya hewa ni pana, hakuna shida. Kama ni nyembamba, hewa inapita kwa kusukumana, ndiyo kukoroma. Ikiziba kabisa, mtoto anavuta pumzi, kifua kinabonyea, lakini hewa haiingii. Kimya. Halafu anashtuka, anahema, anaendelea kulala. Hiyo kukatika kwa pumzi inaitwa apnia ya usingizi. Inaweza kujirudia mara nyingi usiku mmoja, na asubuhi mtoto hakumbuki chochote.

Sasa, kinywa na meno vinaingiaje hapo?

SEHEMU YA 2: MCHORAJI NA DAKTARI WA MENO

Turudi Marekani, mwaka 1860. Mjini San Francisco daktari wa meno Emerson Angell aliandika habari za msichana wa miaka 14 ambaye meno yake yalikosa nafasi. Alimwekea kifaa chenye skrubu juu kinywani. Skrubu ikizungushwa kidogo kidogo, kaakaa linapanuka. Kumbe mfupa wa kaakaa una pande mbili, na kwa mtoto bado hazijashikana sawasawa. Wenzake wengi walimtilia shaka. Wazo likalala miaka mingi, hadi 1961 Andrew Haas, huko huko Marekani, alipolifufua.

Angalia hapa: Angell alikuwa anatafuta nafasi ya meno. Hakuwa anatibu usingizi.

Miaka hiyo hiyo mchoraji George Catlin, aliyekaa muda mrefu akichora watu wa asili wa Amerika, alitoa kitabu akisema kupumua kwa mdomo ni chanzo cha maradhi mengi. Alieleza kwamba aliona mama wa huko akimfunga mtoto midomo kwa vidole taratibu baada ya kunyonya, ili azoee kupumua kwa pua.

Kuna ukweli ndani yake: pua huchuja hewa, huipasha joto na kuilainisha. Lakini Catlin hakuwa na kipimo chochote. Hakuuliza kwa nini mtoto anaacha pua na kutumia mdomo. Kama pua imeziba, mdomo ndio unaomwokoa! Ndiyo maana ukiona mtandaoni watu wanabandika plasta mdomoni wakati wa kulala, usimfanyie mwanao. Tafadhali sana.

SEHEMU YA 3: KILICHOJIFICHA NYUMA YA PUA

Jibu la kwa nini lilianza kuonekana Copenhagen, Denmark. Mwaka 1868 daktari Wilhelm Meyer alichapisha habari za vinyama vinavyoota nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini, mahali ambapo ukimwambia mtoto afungue mdomo huvioni. Yeye alivitafuta kwa kidole. Waliokuwa navyo walipumua kwa mdomo, walisikia vibaya, na sauti zao zilikuwa kama za mtu mwenye mafua ya kudumu. Akavitoa, wakapata nafuu. Ndivyo hivi tunavyoviita nyama za pua.

Halafu nenda Paris. Daktari wa kinywa Pierre Robin alitengeneza mwaka 1902 kifaa kinachovaliwa mdomoni na kulivuta taya la chini mbele. Mwaka 1923 akaandika juu ya watoto wenye taya dogo, ambao ulimi wao unaanguka nyuma na kuziba koo. Sisi manesi tunalijua jina lake, kwa sababu watoto wachanga wanaozaliwa na taya dogo sana, wanaopata shida kunyonya na kupumua, bado hali yao inaitwa kwa jina la Robin.

Kwa hiyo kufikia hapo tayari tulikuwa na njia mbili za kuziba: nyama zilizokua nyuma ya pua, na taya dogo lenye ulimi unaorudi nyuma. Njia mbili, tiba mbili. Shika hilo, ndilo kiini cha somo.

SEHEMU YA 4: WATOTO WANANE

Unaweza kushangaa: pamoja na hayo yote, ugonjwa wenyewe kwa watoto ulielezwa vizuri juzi tu. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, waliandika juu ya watoto wanane waliopimwa wakiwa usingizini. Wanane tu! Lakini soma dalili zao uone kama humjui mtoto wa hivyo: kukoroma, usingizi mchana, kushuka shuleni, kukojoa kitandani, kichwa kuuma asubuhi, tabia kubadilika.

Jamani, ni watoto wangapi tumewaita wavivu? Wangapi wamechapwa kwa kukojoa kitandani, kumbe usiku kucha wanapigania hewa? Mimi mwenyewe, kabla sijasoma haya, niliwahi kumwambia mama mmoja, "Anakoroma? Basi analala fofofo huyo." Nilikosea. Kukoroma kila siku si dalili ya usingizi mtamu.

Kwa watu wazima, mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake, Sydney, Australia, walionyesha mashine inayosukuma hewa puani na kuacha koo wazi usiku kucha. Hiyo ndiyo CPAP. Mwaka 1982, Chicago, Rosalind Cartwright na Charles Samelson wakaripoti kifaa cha mdomoni kinachoshika ulimi usirudi nyuma. Baadaye vikaenea vifaa vya kuvuta taya mbele, wazo lile lile la Robin. Leo vinakubalika kwa watu wazima wengi, hasa wanaoshindwa kuvumilia mashine.

Lakini mtu mzima taya lake limeshakua. Mwanao bado anakua. Usichukue kifaa cha baba ukampa mtoto.

SEHEMU YA 5: JE, KUPANUA KAAKAA KUNATIBU?

Sasa tumefika kwenye swali la yule mama. Mwaka 2004 watafiti wa Italia wakiwa na Guilleminault walichapisha matokeo ya watoto 31 wenye apnia waliopanuliwa kaakaa. Pumzi zao za usiku zikawa nzuri sana. Habari njema! Wengi wanaotangaza tiba ya meno ya "mwili mzima" huegemea kazi kama hii.

Ila soma mpaka mwisho. Watoto wale walichaguliwa: kaakaa zao zilikuwa nyembamba, na tonsesi na nyama za pua hazikuwa kubwa. Na hakukuwa na kundi la watoto wasiotibiwa la kulinganisha.

Kwa nini kulinganisha ni muhimu? Mwaka 2013 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani wenye watoto 464 wa miaka 5 hadi 9. Nusu walitolewa tonsesi na nyama za pua mapema, nusu walisubiri wakiangaliwa. Baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilirudi sawa kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji. Na waliosubiri? Asilimia 46. Umeona? Upasuaji unasaidia kweli, lakini watoto wengi walipona bila kuguswa. Bila kulinganisha, kila mwenye kifaa angesema, "Mimi ndiye niliyewaponya."

Mwaka 2019 chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kilitoa waraka wake. Kilisema daktari wa meno ana kazi kubwa ya kutambua dalili na kumpeleka mtoto mbele, lakini kuthibitisha ugonjwa ni kazi ya daktari wa tiba. Kupanua kaakaa kwa ajili tu ya "kuzuia apnia isije" hakuna ushahidi wa kutosha. Na hao ndio wenye vifaa wenyewe, si wapinzani wao.

SEHEMU YA 6: SASA UFANYE NINI

Jibu langu kwa yule mama lilikuwa hili: "Usianze na kifaa. Anza na kujua kinachoziba."

1. Sikiliza usiku. Anakoroma siku tatu au zaidi kwa wiki bila mafua? Pumzi inakatika? Anatoka jasho jingi, analala ameinamisha kichwa nyuma, ameanza tena kukojoa kitandani?

2. Mrekodi kwa simu dakika mbili, kifua kikiwa wazi, taa ikiwaka kidogo. Video hiyo inamsaidia daktari kuliko maelezo yetu ya "anakoroma sana".

3. Mpeleke kwa daktari wa watoto au wa masikio, pua na koo. Aangalie tonsesi, nyama za pua, mzio, uzito. Palipo na kipimo cha usingizi, afanyiwe.

4. Kaakaa likiwa jembamba au taya likiwa dogo, hapo daktari wa kupanga meno anaingia, akishirikiana na huyo wa kwanza. Si badala yake.

5. Usikubali kumkata kimeo. Huku kwetu mtoto akikohoa au kukoroma, wapo watakaokwambia kimeo kimerefuka. Kimeo hakizibi pua wala hakipunguzi tonsesi. Tumepokea watoto wanaovuja damu na wenye maambukizi kwa sababu hiyo.

6. Ukimwona midomo imekuwa ya bluu, anahangaika kupumua au haamki vizuri, usisubiri asubuhi. Hospitali, sasa hivi.

Yule mama alirudi na video. Dakika mbili tu, ukasikia kimya, ukahesabu: moja, mbili, tatu... mpaka nane, ndipo mtoto akashtuka. Mama akaniambia, "Sista, nimelala naye chumba kimoja miaka sita, sijawahi kusikiliza hicho kimya. Nilikuwa nasikia kelele tu." Tukamwandikia rufaa siku hiyo hiyo.

Leo usiku, kabla hujalala, kaa dakika tano kando ya kitanda cha mwanao. Sikiliza kelele, na usikilize pia kimya.