Hakuigiza, Aliishi: Sifa Inayompokonya Mwigizaji Kazi Yake

Mwigizaji aliyetoka mtaa wa mabanda husifiwa kwa neno moja: uhalisia. Hakuigiza, husema wahakiki, aliishi. Nadai kwamba sifa hiyo ni hasara kwake, kwa kuwa inampokonya ustadi wake na kuukabidhi mtaa. Mtoto wa daktari akicheza daktari, nani husema amejicheza mwenyewe?

Tuanzie Dagoretti, upande huo wa Nairobi wenye Riruta na Kawangware, tena jukwaani, si kwenye kamera. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Amref lilikuwa na mradi wa watoto wa mitaani huko. Mwongozaji wa Kiitalia, Marco Baliani, akafanya kazi na kundi la vijana hao, na tunda lake likawa tamthilia ya Pinocchio Nero, waliyoionyesha hadi Italia. Hadithi yenyewe ni ya kikaragosi cha mti kinachotamani kuwa mtoto wa kweli. Sasa huo uhalisia uko wapi? Anayeitwa chokoraa hajawahi kuwa kipande cha mti. Kumcheza kiumbe huyo kunadai viungo vikakamae kwa makusudi, kisha vilegee kwa makusudi vilevile, na hilo mtaa haumfundishi mtu.

Filamu ilipoingia Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, mambo yalikuwa mengine. The Constant Gardener (2005) ya Fernando Meirelles ilipigwa humo. Rachel Weisz akapata Oscar, wakazi wakabaki mandhari yanayotembea. (Tusiwanyime haki yao: watengenezaji walianzisha mfuko wa hisani kwa maeneo walikopigia picha. Lakini hisani si mkataba wa kazi.) Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyoandikwa na Billy Kahora na kuonyeshwa mwaka 2010, ilimweka mtoto wa Kibera katikati ya picha. Samson Odhiambo, aliyekuwa mgeni wa kamera, alimcheza Abila, ambaye baba yake amepotelewa na roho na ambaye lazima atimize majukumu saba ili kumwokoa. Hata hapo, mengi yaliyosemwa yaliusifu mtaa kabla ya kumsifu mvulana.

Mfano unaonishughulisha zaidi ni Maina Olwenya. Mwaka 2012 alimcheza Oti, kiongozi wa genge katika Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga. Wengi humkumbuka Oti kwa Sheng yake. Mimi namkumbuka kwa jinsi anavyotawala bila haraka. Mwas, kijana aliyetoka mashambani, anakutana naye katika seli ya polisi. Oti hapo ni mwenyeji, naye Mwas ni mgeni anayepewa choo akioshe. Baadaye Amina, mpenzi wa Oti, anapoanza kumwelekea Mwas, nguvu ileile inageuka wivu, na mtazamaji anaanza kumhurumia jambazi. Huruma hiyo haikuokotwa kichochoroni. Ilipimwa, tukio kwa tukio.

Joseph Wairimu, aliyemcheza Mwas, alitunukiwa uigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka 2012, na filamu hiyo ikawa ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar ya lugha ya kigeni. Olwenya alifariki mwaka 2022. Kwa watazamaji wengi alikuwa bado Oti.

Hapo ndipo sifa inapogeuka njaa. Mwigizaji anayelipwa kwa siku za kazi hana budi kurudi kwenye majaribio kila picha inapokwisha. Mwongozaji anayeamini kwamba kijana huyu ana nafsi moja tu ya kuonyesha atamwita atakapohitaji mwizi mwingine. Wakili, mwalimu, mume aliyechoka, hao watatafutwa kwingine.

Nairobi Half Life yenyewe ililijua hili. Mchana Mwas ni mwizi, jioni ni mwigizaji wa tamthilia, na nafasi anayopewa huko ni ya mwizi. Usiku wa mwisho anafika jukwaani akitoka kwenye mauaji ya wenzake, uso ukiwa na majeraha. Anasema maneno yake hadi mwisho. Watu waliokata tiketi wanapiga makofi, wakidhani majeraha hayo ni vipodozi.