Funza na Miguu ya Wasafiri

Watu wengi hudhani ya kuwa funza alikuwako katika nchi zetu tangu zamani za mababu. Sivyo. Asili yake ni bara la Amerika, naye alifika kwetu kama mgeni aliyevuka bahari.

Mwaka 1872 merikebu iliyoitwa Thomas Mitchell, iliyotoka Brazili, ilitia nanga Ambriz, katika nchi ya Angola. Ilikuwa na farumi ya mchanga, na katika mchanga ule walikuwamo funza. Toka hapo hawakuenea kwa nguvu zao wenyewe, bali walichukuliwa katika miguu ya watu. Wapagazi wa misafara waliwapeleka toka kambi hata kambi, hata kwenye maziwa makuu. Mwaka 1892 Oscar Baumann alipita Uzinza, karibu na Ziwa Viktoria, akaona watu ambao viungo vyao vimeoza, wala hawawezi kulima. Kabla ya mwaka 1900 funza alikwisha kufika Unguja. Basi, kwa muda usiotimia miaka 30, alivuka bara zima.

Mbona mdudu mdogo vile alileta msiba mkubwa? Kwa kuwa hakujulikana. Msafiri alisikia mwasho kidoleni, akajikuna, akashika njia. Kumbe jike la funza limekwisha kuingia ngozini, likavimba kwa mayai kama punje ya mbaazi. Na mayai yakaanguka mavumbini pale kambini, kuwangoja wasafiri wa kesho. Kidonda kilichoachwa kilioza, na wengine walipatwa na pepopunda. Watu walipojifunza kumtoa mapema, ndipo msiba ulipopungua.

Nasi tusafiripo tushike mafundisho hayo. Tuvae viatu. Tulalapo ugenini, tunyunyize maji na kufagia vumbi. Kila jioni tuoshe miguu kwa sabuni, tukatazame kati ya vidole na chini ya kucha. Sindano ya kumtolea funza ichemshwe, wala isiazimwe, maana damu huchukua magonjwa. Kidonda kioshwe na kufunikwa. Wakiwa wengi, au mguu ukivimba, twende zahanati, tukaulize na habari za sindano ya pepopunda.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena Bwana wetu hakuona haya kuwaosha wanafunzi wake miguu. Basi nasi tusione haya kuitazama miguu ya watoto wetu, na ya mgeni abishaye hodi jioni, amechoka kwa safari.